Mwenye Lambo na Jirani Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu wa dini, walimu wa shule na waamini wa parokia, katika sherehe ya Jubilei



Wenzangu walionitangulia wamenena vema habari za makanisa yaliyojengwa, za shule, na za wale walioleta Injili tangu Mapadre Weupe walipofika Bukumbi mwaka 1883. Mimi nimeombwa ninene habari ya maisha ya Mkristo kijijini, nami nimechagua kunena habari ya lambo. Pengine wako watakaouliza, Je, lambo lahusu nini Jubilei? Najibu ya kwamba lahusu sana. Someni kitabu cha Walawi, sura ya 25, mtaona ya kuwa Jubilei ya kwanza haikuwa sherehe ya ngoma na pilau. Ilikuwa sheria ya ardhi. Kila mwaka wa 50 mashamba yalirudi kwa jamaa za wenyewe, na watumwa walifunguliwa, kwa sababu ardhi ni mali ya Mungu na sisi sote tu wageni juu yake. Basi anayetaka kufanya Jubilei ya kweli, na aangalie kwanza namna anavyoishika ardhi aliyopewa, na maji yaliyomo.

Nchi yetu mwaijua. Mvua ya Shinyanga huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, hukoma mwezi wa Mei, na kwa kawaida haipiti milimita 900 kwa mwaka. Mito ni mikavu muda mrefu kuliko inavyokuwa na maji. Atokaye upande wa ziwa, kule Geita na Sengerema, akija bara hata Kishapu, huona miti ikipungua na majani yakiwa mafupi. Ndiyo maana tangu zamani watu wetu wamezuia maji ya mvua kwa matuta ya udongo. Serikali ya kikoloni nayo, katika Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilichimba malambo mengi, na mengi ya hayo leo yamejaa mchanga. Mwaka 2009 bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele lilifunguliwa kuja Shinyanga na Kahama, likaleta faraja kubwa. Walakini bomba halifiki kila kitongoji, wala makundi makubwa ya ng'ombe hayanyweshwi kwa bomba. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu kidogo, aliyeuza pamba au mifugo au aliyepata riziki machimboni, hufanya lambo lake mwenyewe katika shamba lake. Juu ya lambo la namna hii, lambo la mtu mmoja, nataka kusema.

Ugomvi wake mmekwisha kuusikia mara nyingi. Mwezi wa Septemba ukiingia, malambo ya kijiji yamekauka, na lambo la yule mtu lina maji bado. Majirani waja na ndoo na ng'ombe. Mwenyewe asema, "Nilikuwa wapi nanyi nilipokuwa nikichimba? Nimeuza mafahali wangu kulipa vibarua. Leo mwaja kunywa." Majirani wajibu, "Maji ni ya Mungu, mvua hukuinyesha wewe." Kisha watu hukasirika, seng'enge hukatwa usiku, na wale waliokomunika pamoja Jumapili hawasalimiani Jumatatu.

Ni nani mwenye haki? Nasema kila mmoja ameshika nusu ya kweli, na ubaya ni kuishika nusu hiyo kana kwamba ni nzima.

Majirani wasema kweli ya kwamba maji ni ya Mungu. Hata sheria ya nchi yakubaliana nao, kwa maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, yasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mtu aweza kupewa kibali cha kuyatumia na kibali cha kujenga bwawa, naye hukiomba kwa Bodi ya Maji ya bonde lake. Bali maji yenyewe hayawi yake kama jembe lilivyo lake. Vilevile Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alifundisha ya kuwa kupata maji salama ni haki ya kila binadamu, na anayewanyima maskini maji awanyima uhai.

Lakini mwenye lambo naye asema kweli. Maji ni ya Mungu, ila tuta ni la jasho lake. Mungu alinyesha mvua juu ya wote, na maji ya wengine yalikwenda zake mpaka Wembere. Maji haya yamebaki kwa sababu mtu huyu aliyazuia. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alitetea haki ya mtu kuwa na mali iliyotokana na kazi yake. Kisha akafundisha ya kwamba kuwa na mali ni jambo moja, na kuitumia kwa haki ni jambo la pili, maana mwenye mali ameiweka kwa faida ya wenye shida pia.

Kumbukeni habari za Isaka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Alifukua visima vya babaye ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa wivu. Watumishi wake wakachimba kisima, wachungaji wa Gerari wakagombana nao. Wakachimba cha pili, wakagombana tena. Hata cha tatu ndipo walipopata nafasi. Someni polepole, mtaona mambo mawili. Kwanza, wivu hufukia kisima, nao wenye wivu hawakupata hata tone. Anayekata seng'enge ya jirani na kubomoa birika lake ni ndugu wa Wafilisti wale. Pili, Isaka hakupigana, aliendelea kuchimba. Kijiji chenye lambo moja kina ugomvi. Kijiji chenye malambo matano kina amani zaidi.

Basi nashauri hivi. Ndoo ya kunywa na kupikia isiuzwe, wala mtoto aliyetumwa maji asifukuzwe. Ng'ombe ni jambo jingine. Mwenye kundi atoe sehemu yake, ama fedha kidogo ya kutunza tuta, ama siku za kazi za kuondoa tope wakati wa kiangazi. Zamani vijana wetu walilima pamoja na kujenga pamoja katika elika. Kwa nini elika isiondoe tope katika lambo linalonywesha kitongoji chote? Tena, maji yakiwa karibu kwisha, mwenyewe ana haki ya kuwazuia ng'ombe ili watu wabakiwe na maji, na jirani asione uchungu. Mapatano hayo yaandikwe mbele ya serikali ya kijiji kabla ya kiangazi, maana mapatano yafanywayo katika kiu huwa hayadumu.

Na walimu wa shule, wafundisheni watoto hesabu ya lambo, wapate kujua adui wao hasa ni nani. Tuseme lambo lina urefu wa mita 50 na upana wa mita 40. Uso wake ni mita za mraba 2,000. Katika nchi yetu jua na upepo huondoa maji yapata milimita 6 kila siku ya kiangazi. Zidisheni, mtapata mita za ujazo 12 kwa siku, yaani lita 12,000. Ng'ombe mmoja hunywa kadiri ya lita 30. Gawanyeni. Jua lanywa kama ng'ombe 400! Basi mwenye lambo anayefukuza ng'ombe 20 wa jirani, na huku lambo lake ni pana na la kina kifupi, amefukuza mgeni mdogo na kumkaribisha mkubwa. Lambo jema ni lile lenye kina kirefu na uso mdogo.

Sasa naja kwenye jambo lililo zito kuliko ugomvi wa ndoo, nalo ni tuta lenyewe. Lambo lile lile la mita 50 kwa 40, likiwa na kina cha mita 2, laweza kushika karibu tani 4,000 za maji. Tani 4,000 zimekaa juu ya nyumba ya jirani aliye bondeni, naye amelala na watoto wake. Kinachomlinda ni udongo ulioshindiliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mwenye lambo ameshika uhai wa watu, kama dereva wa basi anavyoushika.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 9 Mei mwaka 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa mali ya shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku baada ya mvua nyingi. Maji yalishuka kilimani yakazoa nyumba pamoja na waliokuwamo. Watu wasiopungua 47 walikufa, na miongoni mwao watoto wengi. Mwenye bwawa hakuwachukia wale watu, wengine walikuwa wakiishi karibu na shamba lake miaka mingi. Lakini maji hayaulizi kama mwenyewe alikuwa mtu mwema.

Na huku kwetu, tarehe 7 Novemba mwaka 2022, ukuta wa udongo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Tope lilifunika mashamba na makazi katika vijiji vya Nyenze na Ng'wanholo. Twamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Hilo lilikuwa bwawa kubwa la kampuni kubwa yenye wahandisi wake. Kama tuta la namna hiyo laweza kuachia, mtu wa kijijini aliyejenga kwa jembe na torori asiseme, "Langu halina neno."

Sheria ya Musa ilikwisha kulihukumu jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeamriwa ya kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Na huko Uingereza kulikuwa na mwenye kiwanda aliyejenga bwawa katika ardhi yake mwaka 1860. Chini yake kulikuwa na mashimo ya zamani ya wachimba makaa ya mawe, yeye hakujua. Maji yalipojaa yalipasua yakaingia katika mgodi wa jirani. Kesi ilikwenda hata baraza la juu la nchi ile, nalo likahukumu mwaka 1868 ya kwamba anayekusanya katika ardhi yake kitu kiwezacho kudhuru kikitoroka, alipe madhara yake, hata kama hakuzembea. Hukumu hiyo hufundishwa hata leo katika nchi zilizopokea sheria za Kiingereza, na yetu ni mojawapo. Fikirini sasa nchi ya Geita na Kahama, jinsi ilivyojaa maduara ya dhahabu yaliyoachwa wazi au kufunikwa kwa majani. Mtu asichimbe lambo kabla ya kuuliza wazee na wachimbaji, "Je, chini ya hapa palichimbwa?"

Yaliyo ya lazima katika tuta si mengi, na kila mmoja aweza kuyashika. Msingi wake uchimbwe mpaka udongo mgumu usiopitisha maji, kisha ujazwe mfinyanzi, ili maji yasipite chini kwa siri. Udongo umwagwe kwa tabaka zisizopita shubiri moja, ukiwa na unyevu, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuweka jingine. Tuta lililorundikwa kwa siku moja ni rundo tu. Upande wa maji mteremko uwe mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, na upande wa nje mita 2 na nusu. Udongo mweusi wa mbugani peke yake hupasuka ukikauka, na ule wenye magadi huyeyuka katika maji kama sukari. Mjenzi aujaribu kwanza kwa kutia bonge katika glasi ya maji na kulitazama. Hata hivyo, kipimo cha mahali na cha tuta kifanywe na fundi ajuaye kazi hiyo, na kibali kipatikane kwa Bodi ya Maji.

Juu ya yote, pawe na utoro wa maji. Huu ni mlango mpana ulio pembeni, juu ya ardhi ngumu, ambao maji yakizidi hupita kwenda zake bila kugusa tuta. Kilele cha tuta kiwe juu ya kimo cha utoro huo kwa mita 1. Nimesikia watu wakisifiana kwa kuziba utoro kwa magunia ya mchanga, ili lambo lishike maji zaidi. Ndugu zangu, hiyo ni tamaa, na katika jambo hili tamaa ni karibu na kuua. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, hata kwa saa chache, hulikata kama kisu.

Tena tuta litazamwe. Panda majani, usipande miti, maana mizizi ikioza huacha njia ya maji. Toboa vichuguu vya mchwa na kuziba matundu ya panya. Ng'ombe wasipande juu ya tuta, wanyweshwe birikani nje ya lambo. Ukiona maji yakichuruzika upande wa nje, yatazame rangi: yakiwa safi, angalia kila siku, yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani, basi waondoe watu wa bondeni kwanza, kisha umwite fundi. Wala usione haya kupiga yowe. Afadhali watu wakucheke asubuhi kuliko wakuzikie watoto wao.

Nina maneno mawili tena, juu ya usafi na juu ya miti. Malambo madogo ni makao ya konokono waletao kichocho, na Usukuma umejulikana kwa muda mrefu kuwa nchi ya ugonjwa huo. Maji ya kunywa yachemshwe, watoto wasiogelee, na hapana mtu kukojoa lamboni. Na mahali pa dhahabu, mialo ya kuoshea mchanga na zebaki iwe mbali kabisa na maji wanayokunywa watu na mifugo. Zebaki haina harufu wala ladha ya kuonya, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata angali tumboni mwa mamaye.

Ama miti, yakumbukeni yaliyotupata. Katika miaka ya 1920 na 1930 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha tukaendelea kufyeka kwa ajili ya pamba na kuni, hata nchi ikaitwa jangwa. Tangu mwaka 1986 mpaka 2004 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga iliwarudisha watu kwenye desturi ya babu zetu ya ngitili, ndiyo kuhifadhi malisho na miti kwa wakati wa kiangazi, na vilima vikavaa tena majani. Lambo lisilo na ngitili juu yake hujaa mchanga upesi. Anayetaka maji bondeni na aanze kwa kupanda mlimani.

Wapenzi wasikilizaji, nafupisha. Mbele yetu ziko mvua za mwaka huu. Kabla hazijaanza, nawaomba mambo matatu. Kila mwenye lambo alizunguke tuta lake kwa miguu pamoja na mtu mmoja wa bondeni, maana wa bondeni ana macho makali kuliko mwenyewe. Kila kigango kiwakalishe wenye malambo na majirani zao, wapatane juu ya ndoo, ng'ombe na kazi ya tope. Na kila mwalimu awapeleke watoto lamboni siku moja, wapime urefu na upana, wafanye hesabu, waonyeshwe utoro wa maji na sababu yake.

Tukifanya hivyo, mwenye lambo hatapoteza mali yake, bali atazidi kuwa salama nayo, kwa maana majirani wanaokunywa kwake ndio watakaomwita usiku tuta likianza kuvuja. Aliyewafukuza wote hulinda peke yake, naye lazima alale usingizi.

Mungu aliyewapa baba zetu mvua na akili ya kuizuia, atupe sisi haki ya kuigawa. Amina.